Gunia Lililochomwa Ikonge

Nta ya nyuki ikiungua hutoa harufu tamu. Najua wengi wenu mnaipenda. Juzi nilikuwa sokoni Kebirigo, mzee mmoja muuza asali alikuwa ameweka masega kwenye sufuria juu ya jiko ayayeyushe, na akina mama waliokuwa wakichagua ndizi karibu naye wakawa wanavuta pumzi na kucheka, wanasema leo hapa pamekuwa mbinguni. Mimi niliacha ndizi zangu pale chini, nikaenda kusimama nyuma ya vibanda mpaka akaiepua sufuria.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa puani mwangu siku nilipoingiza mikono motoni.

Ilikuwa Sabato mchana, mbele ya kanisa letu kule upande wa Ikonge. Watu walikuwa wameshaimba, wameshaomba, wamefanya duara. Katikati kulikuwa na moto, na juu ya moto gunia la katani limefungwa kwa kamba, limevimba kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Tuliambiwa ndani ya gunia hilo mna obokano ya baba yangu. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la nne, nimevaa gauni langu la kanisani lenye kola nyeupe. Nilimponyoka nyanya yangu, nikapita katikati ya miguu ya watu, nikalishika gunia kwa mikono miwili nikavuta. Lilikuwa limeshashika moto, likapasuka. Kitu cha moto, kizito, chenye kunata kikanimwagikia mkono wa kushoto. Nikaukung'uta mkono, hakikutoka. Nikaufuta kwenye gauni, hakikutoka. Nilisikia harufu ile tamu, na chini yake harufu ya ngozi inayoungua, na katika akili yangu ya kitoto nikasema, basi, hiyo ni ngozi ya obokano, imekwisha. Watu walikuwa wanapiga kelele kwamba shetani wa obokano ameniingia.

Aliyeleta gunia ni baba yangu mdogo, Ratemo. Aliyewasha kiberiti ni Nyaanga, mzee wa kanisa. Nawataja mapema ili msichoke kungoja. Wote wawili wako hai na wanakula vizuri.

Sasa nirudi nyuma niwaeleze, maana bila kumjua baba yangu hamtaelewa kwa nini mtoto anaweza kukimbilia moto.

Kwetu Gusii baba tunamwita tata. Tata wangu alikuwa Makori, na kama una umri wangu na umelelewa Nyamira au Kisii, sina haja ya kuendelea. Harusi kubwa bila Makori ilikuwa ni watu tu wamekula. Kwa nyinyi wa mbali, obokano ni chombo chetu cha nyuzi nane. Tumbo lake ni gogo lililochimbwa kama bakuli, likawambwa ngozi ya ng'ombe, na ni kubwa kiasi kwamba mtoto anaweza kujificha nyuma yake. Juu ina mikono miwili iliyounganishwa na mti, na hapo ndipo nyuzi zinafungwa. Sauti yake haibembelezi mtu. Inanguruma. Unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni.

Kule kwetu kwenye majani chai mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ngozi ikinyonya unyevu hulegea, sauti ikawa kama ya mtu aliyetoka usingizini. Kwa hivyo kazi yangu, tangu nikiwa mdogo kabisa, ilikuwa kuipasha obokano moto kabla Tata hajatoka kwenda kupiga. Nilikaa nayo karibu na mafiga ya nyanya yangu, nikiigeuza polepole, upande huu, upande ule, kama mtu anayechoma hindi la mgeni wa heshima. Nyanya yangu, ambaye tulimwita Magokoro, alikuwa akipika wimbi upande wa pili na kunung'unika kwamba katika nyumba hii obokano huota moto kabla ya watu.

Ikishapata joto ilianza kunukia. Ilinukia moshi, na samli ambayo Tata aliipaka ngozi ili isipasuke, na juu ya yote ilinukia ugoro. Magokoro alikuwa Msabato wa kweli na ugoro alikuwa hautaki hata kuusikia, kwa hivyo Tata alikuwa anaficha kikopo chake ndani ya tumbo la obokano, kupitia tundu la sauti. Siku moja kikopo kilifunguka huko ndani. Kuanzia siku hiyo obokano ikipashwa moto, mimi napiga chafya mpaka machozi.

"Hiyo obokano inavuta ugoro kuliko mwenyewe," Magokoro alisema.

"Hatuwezi kuikataza," Tata akamjibu. "Ni mtu mzima."

Na ilikuwa na kikohozi. Ndama mmoja aliwahi kuingia nyumbani akaitoboa ngozi kwa kwato, chini karibu na ukingo, na Tata akaishona mwenyewe kwa kano, mishono mikubwa mibaya kama ya mtu anayeshona gunia la mahindi. Tangu hapo uzi mnene kuliko yote, ukiupiga, unanguruma kisha mwishoni unatoa sauti ya kukwama kidogo, kama mzee anayesafisha koo. Mpigaji mwingine angetafuta ngozi mpya. Tata alikiacha kikohozi na kukifanyia kazi. Katikati ya wimbo angeupiga uzi ule, angoje kikohozi, kisha awaambie watu, "Mvumilieni mzee, amepata kifua." Watu wangecheka. Mwishowe walikuwa wanakingoja kile kikohozi kuliko wimbo wenyewe.

Mama yangu alifariki nikiwa sijajua kutembea, na Tata hakuoa tena. Watu wa ukoo walikuja, wakakaa, wakanywa chai, wakamwambia aoe apate kijana, obokano isije ikakosa mtu. Obokano kwetu ni chombo cha wanaume. Mwanamke anaimba, anacheza, anapiga vigelegele, lakini kuishika na kukaa nayo katikati ya magoti, hapana. Tata aliwasikiliza vizuri, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akachukua suruali yake ya zamani, akanivisha juu ya gauni na kunifunga kiunoni kwa ukamba wa mgomba. Kisha akaniweka kwenye kigoda.

"Sasa umekaa kwa heshima," akaniambia. "Piga."

Magokoro alipotukuta hivyo alijifunika uso kwa kanga. Lakini hakuondoka. Alisimama pale mlangoni akisikiliza, na wimbo ulipoisha akasema chakula kinapoa.

Nilijifunza kama vile mtoto anavyojifunza kutembea, bila kujua kwamba ninajifunza. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba na virefu, vya mama yangu. Siku moja Tata alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha kichwa na kusema polepole, "Vidole vya huyu vitanipita." Hakuwahi kunisifu tena, na sikuhitaji.

Sasa fikeni nami kwenye ile harusi ya Kebirigo. Mpiga obokano akifika mwisho wa wimbo hujitaja. Anasema yeye ni nani, mwana wa nani, na kama ana wa kumfuata, anamtaja hapo. Kwa miaka yote Tata alikuwa anajitaja kisha ananyamaza. Siku hiyo hakunyamaza. Aliimba, "Mimi Makori, na nyuma yangu anakuja Kemunto." Kemunto ni mimi. Watu walicheka sana, wakafikiri ni mzaha wake mwingine kama wa kikohozi. Mtu mmoja hakucheka. Baba Mdogo Ratemo alikuwa amesimama pale amemshika bega mwanawe Josiah, ambaye tulikuwa wa umri mmoja.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wao mbele, mimi na Josiah nyuma na kigoda.

"Ndugu yangu," Ratemo akasema, "obokano unampa mtu wa kuolewa? Kesho akiolewa Bomachoge ataenda nayo huko. Nyimbo za baba yetu ziwe za watu wengine."

"Zitakuwa za Kemunto, huko atakakokuwa."

"Josiah ni kijana wa nyumba hii."

"Basi alete vidole tuvione."

Josiah alikuwa na vidole vya kushika mandazi, na hata wakati ule alikuwa ameshika andazi. Nilicheka. Ratemo aligeuka akaniangalia, wala hakunigombeza. Aliniangalia tu, kama mtu anayepima mti kabla ya kuukata.

Tata alianza kuumwa kifua. Walikuwa wakikohoa kwa zamu, yeye na obokano yake, na bado alifanya mzaha kuhusu hilo mpaka sauti ikamwisha. Alipofariki, Magokoro alifanya desturi ya nyumba yetu. Mpigaji akifa, nyuzi zote zinalegezwa, chombo kinatundikwa ukutani kikiwa bubu. Hakuna anayezigusa mpaka siku ya kunyoa nywele za msiba. Siku hiyo anayemfuata marehemu anazikaza mwenyewe mbele ya watu, uzi mmoja baada ya mwingine, na akishazikaza hakuna wa kubishana naye tena. Magokoro alikuwa ameshasema mbele ya wazee kwamba atakayezikaza ni Kemunto, kwa sababu mwanawe alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nasubiri siku hiyo. Nilikuwa nimelia mpaka nimechoka, na siku hiyo ndiyo ilikuwa imenibakia.

Kabla haijafika, Baba Mdogo Ratemo alikuja akaichukua obokano. Alisema nyumba ya mwanamke mzee haina kufuli ya maana, itaibiwa. Magokoro alimwachia. Ni mwanawe, angesema nini?

Sabato iliyofuata Nyaanga alihubiri kuhusu obokano. Alikuwa mwembamba wakati huo, na sauti yake ilikuwa kali kama ya panya kwenye dari. Alisema chombo hiki kimekaa na pombe, kimekaa na mizimu, na nyumba iliyokitunza inajua ilichovuna, wengine wamekufa kabla ya wakati. Alikuwa akimsema Tata, udongo wa kaburi lake ukiwa bado mbichi. Kisha Ratemo akasimama na kulia. Akasema yeye na nyumba yake wametubu. Akatoka nje, akarudi amebeba gunia.

Mtaniuliza kama hakuna aliyetaka kuona. Magokoro alitaka. Alitembea mpaka pale akasema, "Fungueni kidogo. Niione kazi ya mwanangu mara ya mwisho."

Nyaanga akamwambia, "Mama, mke wa Lutu naye alitaka kuona."

Nani angeongeza neno hapo? Obokano ina mikono, na gunia halikuwa na mikono, lakini Ratemo alikuwa na jibu. Alisema ameshaikata nyumbani, akatupa juu ya moto miti miwili iliyokauka. Mimi nilikuwa nalia, sikuiangalia hiyo miti. Kilichofuata mnakijua.

Mkono wangu ulioza kidogo, kisha ukaamua kupona. Magokoro alikuwa anauosha kila asubuhi, akikibandua kile kitu kilichonishika kwa unyoya wa kuku na mafuta, punje kwa punje, na mimi nikipiga mayowe hadi majirani wakafunga milango. Asubuhi moja alikiweka kipande kwenye kiganja chake, akakinusa. Aliinua macho akatazama kule kwenye ua wa Ratemo, ambako mizinga yake ya nyuki ilikuwa imetundikwa kwenye mti wa msesewe.

"Mzinga wa Ratemo wa huku mwisho umeenda wapi?" akauliza.

Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Kisha alifunga mdomo, na kwa habari hiyo hakuufungua tena mpaka anakufa. Ratemo ndiye mwana pekee aliyekuwa amebaki naye. Nimejaribu kumwelewa na siku nyingine nafaulu.

Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilijikunja na kukaa hivyo. Na kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kinasema mimi ni mtoto mwenye shetani wa obokano, shule iliishia hapo. Magokoro alinipeleka Kisii mjini kwa rafiki yake wa biashara, Mama Zuhura, aliyekuwa akinunua ndizi zake. Hao walikuwa Waislamu wa mjini. Babu yao alifika na bidhaa kutoka mbali, akaoa Mgusii, akakaa. Mume wa Mama Zuhura aliuza redio na kaseti. Kiswahili hiki mnachokisoma nilikijifunza katika jiko la Mama Zuhura, nikipepeta mchele, na kama kina makosa msimlaumu yeye, alijitahidi.

Mama Zuhura hakuwa mtu wa kunihurumia. Alikuwa ananikalisha chini baada ya sala ya alfajiri, anachukua ule mkono, anaupaka mafuta ya simsim yaliyopashwa moto na kuvivuta vile vidole kimoja kimoja.

"Lia, lakini usiurudishe mkono," alikuwa ananiambia. "Mkono unaofichwa hufa."

Na dukani kulikuwa na sauti ya Tata. Walikuwa wamemrekodi miaka ya nyuma, na mteja akitaka kujaribu redio, mume wa Mama Zuhura alikuwa anaweka kaseti ya Makori kwa sababu ile ngurumo ilionyesha kama spika ni nzima. Nilikuwa jikoni, nikisikia kikohozi kile kikipita ukutani. Nilikuwa nageuza ungo, nacharaza mgongo wake kwa vidole vilivyobaki.

Siku moja Mama Zuhura akasema, kama mtu anayeulizia chumvi, "Kemunto, ulipoletwa hapa ulikuwa bado na nta kwenye kucha. Obokano yenu inapakwa nta?"

"Samli," nikamwambia.

"Mm," akasema. Akaendelea kukuna nazi.

Neno hilo dogo lilikaa kichwani mwangu miaka mingi bila kufanya kitu, kama mbegu kwenye mfuko wa koti. Niliolewa, nikaachika, nikarudi Kebirigo na binti yangu Nyaboke. Nikataka obokano yangu. Fundi wa kwanza alikataa, alisema hachongi chombo cha mwanamke. Kwa wa pili nilisema mume wangu ndiye aliyenituma, na hajiwezi, miguu inamsumbua. Fundi alimpelekea huyo mume pole nyingi pamoja na mboga za chinsaga. Tulizila mimi na Nyaboke.

Naipiga kwa njia yangu. Nyuzi nene nazipiga kwa dole gumba na kwa ukingo wa kiganja, kwa sababu vile vidole vitatu havifiki. Wazee wengine wanasema siyo hivyo obokano inavyopigwa. Nawaambia mlete mkono wangu wa zamani nipige hivyo mnavyotaka.

Halafu redio zetu za Kigusii zikaanza kumtaja mtu anayeitwa Mwana wa Makori. Nikasema huyu ni nani, Makori alizaa mmoja, na huyo niko hapa napalilia mboga. Nikasikiliza. Alikuwa Josiah. Amehamia Mosocho na baba yake, amenenepa sauti, ana kofia ya manyoya, vijana wanamrekodi kwa simu. Anaimba nyimbo za Tata moja baada ya nyingine. Na akifika mwisho, pale pa kujitaja, anaimba kwamba nyuma ya Makori anakuja Josiah. Ameutoa mguu wangu akaweka wake katika kiatu kilekile.

Hilo bado ningelimeza. Mtu anaweza kuiba nyimbo, upepo unazibeba. Lakini tulialikwa harusi huko Mosocho, mimi na Nyaboke, na kumbe aliyeitwa kupiga ni yeye. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, spika huku na huku. Akapiga uzi ule mnene. Ukanguruma. Kisha ukakohoa.

"Mama, spika yake imeharibika," Nyaboke akaninong'onezea.

"Si spika," nikasema.

Nilingoja waende kula. Obokano ilikuwa imeegemezwa ukutani. Niliinama. Mishono mikubwa mibaya ilikuwepo pale pale, karibu na ukingo, imepakwa rangi juu ili isionekane. Niliweka pua kwenye tundu la sauti, na baada ya miaka hiyo yote nikapiga chafya mpaka machozi.

Josiah alikuja na sahani ya pilau mkononi. "Dada, hiyo haiguswi na wanawake."

"Umeitoa wapi?"

"Ni ya zamani tu. Mzee alininunulia Kilgoris."

"Na ugoro wa Tata aliununua huko huko?"

Akaangalia nyuma, akaangalia sahani. "Dada Kemunto, usianze. Watu wanakula."

Nilianza. Ratemo alikuwa ameketi na wazee, fimbo katikati ya magoti, tai shingoni. Nilimsalimu kwa heshima, niliinama kama nilivyofundishwa. Nikamuuliza, "Baba Mdogo, siku ile Ikonge mlichoma nini?"

Alijifuta mdomo. Hakujifanya kwamba hajaelewa, hilo nampa. "Mtoto wangu, hayo ni ya zamani. Mungu alishasamehe."

"Mungu alisamehe. Mimi bado sijaulizwa."

"Ungeipeleka kwa watu wengine," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haki. "Na Nyaanga alitaka kuona moto. Nikasema nimpe moto, obokano ipone. Mwenyewe alinisaidia kufunga gunia. Alipata moto wake, ukoo ukabaki na chombo chake. Wewe ulipoteza nini?"

Nikauinua mkono wa kushoto nikauweka juu ya meza, kati ya sahani.

Aliuangalia. Kisha akasema, "Nani alikutuma uingize mkono?"

Mzee mmoja akasogeza sahani yake ya nyama. Nilimchukua Nyaboke tukaondoka.

Nilipokuwa mtoto nilidhani siku ile nilisikia harufu mbili, tamu na mbaya, na kwamba ile mbaya ni ngozi ya ng'ombe mwekundu ambaye Tata alimchinja kwa ajili ya obokano. Niliilia hiyo ngozi kwa miaka. Sasa najua kwamba ndani ya gunia kulikuwa na mzinga wa nyuki, na mzinga hauna ngozi. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa salama chini ya kitanda cha Ratemo, imefunikwa blanketi. Pale mbele ya kanisa, watu wakiimba, ngozi iliyoungua ilikuwa ni moja tu, na niko nayo hapa, naishikia kikombe cha chai.

Wengine wananiambia niache, kwamba huyo mzee atakufa karibuni. Ndiyo sababu naandika sasa. Akishakufa watasema marehemu hasemwi vibaya, na watamzika na obokano ikipigwa.

Ratemo, umeniuliza nani alinituma. Alinituma Makori, aliponitaja kwa jina Kebirigo mbele yako, na wewe ulisikia, ndiyo maana ulifunga gunia. Swali lako nimelijibu. Sasa jibuni langu. Wewe, na Nyaanga unayeendelea kukaa kiti cha mbele kila Sabato, irudisheni obokano pale pale mlipowasha moto. Ileteni mchana, wazi, bila gunia, na muwaite wale wale mliowaita siku ile, waliobaki. Zilegezeni nyuzi zote, kama Magokoro alivyozilegeza, kwa sababu zilikazwa na mtu asiyestahili. Mimi nitakuja na Nyaboke na kigoda. Nitazikaza kwa vidole hivi hivi, uzi mmoja baada ya mwingine, itachukua muda, na nyinyi mtasimama mkingoja.

Na nikimaliza, kabla sijapiga hata uzi mmoja, mtawaambia watu kwa midomo yenu ni ngozi ya nani mliyoichoma.